Mwongozo kamili wa kakelugn: kuwasha, kutunza na kununua jiko la vigae la Kiswidi

Ukipanga au kununua nyumba ya zamani Uswidi, iliyojengwa kabla mabomba ya maji moto hayajaenea majumbani, huenda ukakuta kwenye kona ya sebule mnara wa vigae unaokaribia kugusa dari. Mara nyingi ni mweupe na wa duara, na kiunoni mwake kuna milango miwili midogo ya shaba. Hiyo ndiyo kakelugn, nao wenyewe hutamka karibu na "kakelungn". Kwa lugha yetu tunaweza kuiita jiko la vigae, ingawa hakuna chungu kinachotelekwa humo. Kazi yake ni kupasha nyumba joto.

Mimi nimekulia Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako baridi ya Juni na Julai huua majani ya viazi shambani. Moto wa kuota nimeuzoea tangu utotoni, kwa hiyo nilipoiona kakelugn nilidhani sina la kujifunza. Majira yangu ya kwanza ya baridi huku niliitumia kama jiko la nyumbani: nachochea, naongeza kuni, sitaki moto uzime. Kuni za mwezi ziliisha kwa wiki mbili, vigae vya juu vikaanza kuachia kwenye maungio, na bado asubuhi chumba kilikuwa baridi. Nilikuwa sijaelewa jambo moja, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake: kakelugn haikai na moto, inakaa na joto. Moto huwaka kwa saa moja au moja na nusu, tena mkali, kisha huachwa uishe. Baada ya hapo matofali na udongo hurudisha polepole kile walichomeza, kwa saa 12, wakati mwingine hata 24.

Kilichomo ndani ya mnara

Majiko ya vigae yalifika Uswidi kutoka upande wa Ujerumani tangu karne ya 16, lakini yale ya mwanzo yalikuwa walafi wa kuni. Moshi ulipanda moja kwa moja hadi kwenye dohani ukaenda zake na joto lote. Kufikia katikati ya karne ya 18 kuni zilikuwa zimekuwa shauri la serikali, maana viwanda vya chuma vilikuwa vinakula misitu kwa ajili ya mkaa wakati huohuo watu mijini wanatetemeka. Mwaka 1767 msanifu majengo Carl Johan Cronstedt na mwenzake Fabian Wrede walipewa kazi ya kubuni jiko litakalookoa kuni. Maelezo na michoro yake Cronstedt aliichapisha mwaka 1775.

Walichofanya ni kuuzungusha moshi. Ndani ya kakelugn yao kuna njia tano. Moshi wa moto hupanda kwa njia ya katikati mpaka karibu na kilele, hugawanyika, hushuka kwa njia mbili za pembeni mpaka karibu na sakafu, halafu hupanda tena kwa njia mbili za nyuma ndipo uingie dohani. Kwa jiko la urefu wa mita mbili na nusu, moshi hutembea karibu mita sita au saba ndani ya matofali kabla ya kuaga, na kila hatua unaacha joto. Ndiyo maana jiko hupata moto mwili mzima, hata upande wa nyuma na sehemu za chini ambazo moto wenyewe haukuzigusa.

Ukitaka kuelewa kwa nini linatunzwa lilivyo, kitazame kigae kimoja kilichobanduliwa. Mbele ni laini na kinang'aa. Nyuma kina kingo zilizosimama pande zote, kama kisanduku kisicho na mfuniko. Fundi hujaza kisanduku hicho udongo na vipande vya matofali, hukifunga na jirani yake kwa vibanio vya waya, kisha hupanga safu inayofuata. Kinachoshikilia kila kitu ni udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Hakuna saruji. Udongo huachia kidogo jiko linapotanuka kwa joto na hushika tena linapopoa, na ukitaka kulihamisha baada ya miaka mia, vigae hutoka vizima. Mtu akikwambia atakuzibia ufa kwa saruji ili "udumu", msindikize mlangoni kwa heshima. Saruji haichezi na joto; kitakachopasuka ni kigae.

Kabla ya kuwasha kiberiti cha kwanza

Usiiwashe kakelugn usiyoijua. Nyumba nyingi za ghorofa Stockholm na Göteborg zina majiko mazuri ambayo dohani yake iliziba miaka mingi iliyopita, au ilipitishwa mabomba ya hewa ya jengo. Kwa macho huwezi kujua, na moshi utatokea kwa jirani.

Kama umepanga, anza kwa mwenye nyumba. Kama ni nyumba ya ushirika wa wakazi, uliza kamati ya jengo, kwa maandishi, nao wakujibu kwa maandishi. Kisha mwite sotare, yaani fundi wa kusafisha dohani. Uswidi kusafisha dohani na kuikagua kwa ajili ya usalama wa moto ni wajibu wa kisheria unaosimamiwa na manispaa, na sotare anapokagua huacha karatasi ya ripoti. Ihifadhi. Akikuta jiko ni la hatari linaweza kupigwa marufuku kuwashwa hadi litengenezwe, na marufuku hiyo usiivunje hata usiku mmoja wa baridi kali. Mwombe pia akuambie ni kilo ngapi za kuni jiko hilo linavumilia kwa mara moja. Jibu lake lina uzito kuliko kipimo chochote utakachokisoma, hata changu cha hapa chini.

Akishaondoka, fanya ukaguzi wako mwenyewe. Chukua tochi ya mkononi, fungua milango, piga magoti uchungulie ndani. Kuta za chumba cha moto ni za matofali. Udongo kati yake ukiwa umemong'onyoka kiasi cha kuingiza kidole, hilo ni shauri la fundi. Pitisha kiganja juu ya vigae vya nje ukisukuma taratibu. Kinachocheza kimeachia. Nyufa nyembamba kama nywele ndani ya mng'aro wa kigae hazina neno, ni uzee tu. Ufa unaoona giza ndani yake, au wenye alama nyeusi ya masizi pembeni, maana yake moshi unapita.

Tafuta kizibo cha dohani, ambacho Waswidi hukiita spjäll. Ni bamba la chuma linalofunga na kufungua njia ya moshi, na huendeshwa kwa kitasa au kwa kamba mbili zinazoning'inia kando ya jiko, moja ya kufungua, nyingine ya kufunga. Fungua na kufunga mara kadhaa jiko likiwa baridi, usikilize linavyogonga. Ukishajua kamba ipi ni ipi, funga uzi mwekundu kwenye ile ya kufungua. Wageni wakija, au wewe mwenyewe ukiwa na usingizi, uzi huo utakusaidia.

Mbele ya milango sakafu isiyoshika moto iwe angalau sentimita 30, iwe ya jiwe, chuma au kioo kigumu. Weka king'ora cha moshi na king'ora cha kaboni monoksaidi. Hiki cha pili watu wengi huku hawana; nitaeleza kwa nini mimi siwezi kulala bila hicho.

Kuni

Kuni inayopendwa huku ni ya björk, mti wa gome jeupe linalobanduka kama karatasi. Inawaka safi, haitupi cheche sana, na gome lake lina mafuta yanayoshika moto hata kidole kikiwa na ganzi. Msonobari nao unafaa, hasa kwa vibanzi vya kuwashia. Urefu wa sentimita 25 hadi 30 unatosha majiko mengi, lakini pima chumba chako cha moto kwanza kabla hujaagiza, maana kuni nyingi sokoni ni ndefu kuliko hapo. Unene uwe kama kifundo cha mkono. Gogo nene huungua polepole, nasi tunataka moto wa haraka.

Ukavu ndio wenye kuamua kila kitu. Unyevu usizidi asilimia 20. Kuni mbichi hutumia sehemu ya nguvu yake kuchemsha maji yake yenyewe, moshi unakuwa baridi na mzito, na masizi yanaganda kwenye zile njia tano ambako brashi haifiki kwa urahisi. Kipima unyevu ni kidogo na bei yake si kubwa. Pasua kuni katikati, choma sindano zake upande wa ndani uliopasuliwa karibuni, si wa nje. Kama huna, gonganisha vipande viwili. Vikavu vinalia kama marimba. Vibichi vinatoa mshindo mzito, kama kugonga ndizi.

Wenyeji hukata miti wakati wa baridi, hupasua kabla ya Mei, hupanga mahali penye upepo na paa juu, kisha huingiza ndani ya ghala Septemba kabla ya mvua za vuli. Ukinunua, angalia kipimo. Kuna mita ya ujazo iliyopangwa na kuna mita ya ujazo ya kumwaga. Ile ya kumwaga ukiipanga vizuri inabaki kama mita 0.6 au 0.7. Mimi nililinganisha bei mbili bila kujua hilo, nikajiona nimepata nafuu.

Usichome mbao zilizopakwa rangi au dawa, mbao za vipande vilivyogandishwa kwa gundi, boksi za maziwa wala takataka. Usitie makaa ya mawe wala vitofali vya kuni vilivyoshindiliwa, isipokuwa fundi amekuruhusu, kwa sababu joto lake hupita kiasi ambacho jiko la udongo lilijengewa.

Kuwasha, hatua kwa hatua

Hatua ya 1. Zima feni ya jikoni ya kufyonza mvuke. Nyumba za huku zimezibwa vizuri, na feni ikivuta hewa, itaivuta kwa kupitia dohani yako, pamoja na moshi. Fungua dirisha la chumba hicho kwa upana wa kidole.

Hatua ya 2. Fungua kizibo chote. Ingiza mkono kwenye chumba cha moto, au shika njiti ya kiberiti inayowaka mlangoni. Mwali ukielekea ndani, dohani inavuta. Ukielekea kwako, hewa baridi imekaa ndani ya dohani kama maji kisimani. Usiwashe kuni. Washa kwanza karatasi moja ya gazeti iliyokunjwa, isukume ndani kabisa, iache iungue yote. Rudia mpaka usikie sauti ile ya "huuu" ya dohani kuamka.

Hatua ya 3. Panga kuni. Hapa mazoea yetu yanageuzwa juu chini. Sisi huweka vijiti chini na magogo juu. Kwa kakelugn weka vipande vitatu au vinne vikubwa chini, kwa kulala, vikiwa na nafasi ya kidole kati yake. Juu yake weka vipande vyembamba kwa kukingamana. Juu kabisa rundika vibanzi na maganda ya björk. Washa kutoka juu. Moto utashuka wenyewe kama mshumaa, na gesi zinazotoka kwenye kuni za chini zitapita ndani ya mwali na kuungua badala ya kuwa moshi. Mara ya kwanza niliona ni mzaha, nikajaribu njia zote mbili siku mbili mfululizo, kisha nikatoka nje kutazama dohani. Siku ya kuwasha chini, moshi wa kijivu dakika ishirini. Siku ya kuwasha juu, mtetemeko wa hewa tu.

Hatua ya 4. Acha mlango wazi kidogo mpaka moto ushike sawasawa, dakika tano hadi kumi, nawe uwe umekaa palepale. Halafu funga milango ya ndani ya chuma huku matundu yake ya hewa yakiwa wazi. Usiyafunge ili "kuokoa kuni". Moto unaokosa hewa hutoa moshi mchafu, na jiko hili limetengenezwa kwa moto mkali wa muda mfupi. Kuokoa kunatokea baadaye, kwenye matofali.

Hatua ya 5. Mzigo mmoja uwe kilo 2 hadi 3. Ukiisha na kubaki makaa mekundu, unaweza kuongeza mzigo wa pili kama huo. Hapo basi. Nje kukiwa nyuzi 15 chini ya sifuri utatamani wa tatu; vumilia. Kilo 5 za kuni kavu zina takriban kilowati-saa 20, na joto hilo bado liko njiani kuja kwako. Vigae vya nje huanza kupata moto wakati moto wenyewe unakaribia kuisha, na hufikia kilele saa kadhaa baadaye. Anayeongeza kuni kwa sababu "bado hakuna joto" ndiye anayepasua jiko.

Hatua ya 6. Mzigo wa mwisho ukigeuka makaa, yachanganye kwa fimbo ya chuma. Vuta vipande vyeusi ambavyo havijaiva katikati ya makaa mekundu ili viungue kabisa. Kijiti kimoja cheusi kilichojificha pembeni kinaweza kukuchelewesha nusu saa, na usipokiona ni hatari.

Kufunga kizibo

Tutulie hapa. Kizibo kikibaki wazi usiku kucha, dohani itaendelea kuvuta hewa ya chumba kupitia jiko lenye moto na kulipoza kutoka ndani. Asubuhi utakuwa umepasha joto mawingu. Kwa hiyo lazima kifungwe. Lakini kikifungwa mapema, kaboni monoksaidi inayotoka kwenye makaa haina njia nyingine isipokuwa chumbani. Haina harufu, haina rangi. Ni hewa ileile inayoua watu nyumbani kwetu wanaolala na jiko la mkaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Kila msimu wa baridi tunazisikia habari hizo, na bado nami nilikaribia kuwa habari. Usiku mmoja wa Januari nilifunga kizibo nikiona makaa "yamechoka". Saa moja baadaye king'ora kililia. Nilikuwa tayari na kichwa kizito, nadhani ni uchovu wa kazi. Tulitoka nje wote na mablanketi, madirisha yote wazi, watoto wanalia.

Tangu hapo nafuata utaratibu aliouonyesha bibi jirani wa ghorofa ya chini, ambaye amewasha kakelugn yake tangu ujana. Zima taa ya chumba. Fungua milango, tazama makaa gizani. Ukiona miali midogo ya buluu inacheza juu yake, hiyo ndiyo kaboni monoksaidi inaungua mbele ya macho yako. Kizibo kibaki wazi. Miali ya buluu ikiisha, yachanganye makaa mara moja zaidi. Ikirudi, subiri tena. Yakibaki makaa madogo yenye kufifia, yamefunikwa majivu, hakuna cheusi wala buluu, funga milango, subiri robo saa nyingine, ndipo ufunge kizibo. Ukiwa na shaka, acha upenyo wa vidole viwili mpaka asubuhi. Utapoteza joto kidogo.

Kwa hiyo panga muda. Usiwashe saa nne usiku kama unataka kulala saa tano. Mimi huwasha saa kumi na moja jioni nikirudi kazini, saa moja na nusu kizibo kimefungwa, na saa tatu usiku vigae viko kwenye joto lake zuri kabisa. Siku za baridi kali nawasha tena alfajiri. Mara mbili kwa siku inatosha, na kati ya moto mmoja na mwingine pawe na saa nane au kumi.

Joto la kakelugn ni la aina yake. Radieta, yale mabamba ya ukutani yanayopitishwa maji moto, hupasha hewa, hewa inapanda darini, miguu inabaki baridi. Kakelugn haikuunguzi na wala haikaushi koo. Joto lake linakufikia kama jua la asubuhi ukutani. Weka kiganja juu ya kigae kwa urefu wa bega: unapaswa kuweza kukiacha hapo. Ukilazimika kukiondoa kwa haraka, umewasha kupita kiasi.

Jiko lililokaa bila moto

Jiko lililolala majira yote ya joto, au lililo kwenye nyumba ya shambani isiyopashwa, limenyonya unyevu. Ukilishtua kwa moto mkubwa, maji ndani ya udongo yanageuka mvuke na kusukuma maungio. Siku ya kwanza washa vibanzi vya kujaza mikono miwili tu. Siku ya pili ongeza vipande viwili vyembamba. Siku ya tatu nusu ya mzigo. Ukiona matone ya maji kwenye milango ya shaba usiogope, ni jiko linatoa jasho.

Usafi

Majivu yaachwe kwa unene wa sentimita mbili hivi, yanalinda sakafu ya chumba cha moto na kusaidia moto unaofuata. Ya ziada yachotwe jiko likiwa baridi, yatiwe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, ndoo ikae nje juu ya jiwe. Kaa dogo linaweza kujificha ndani ya majivu siku kadhaa likiwa hai. Usitumie ndoo ya plastiki wala mfuko wa karatasi, hata ukiwa na haraka.

Vigae hufutwa kwa kitambaa laini na sabuni nyepesi, jiko likiwa baridi. Maji baridi juu ya kigae cha moto huvunja mng'aro wake. Milango ya shaba isugue kwa dawa ya shaba mara mbili kwa mwaka ukipenda ing'ae. Mimi nimeiacha ichujuke kidogo, naona inapendeza zaidi. Njia za ndani ni kazi ya sotare. Baadhi ya majiko yana vifuniko vya kusafishia vilivyofichwa nyuma ya kigae kinachotoka, kwa hiyo usikifungie kigae chochote kwa gundi bila kumuuliza.

Likikusumbua

Moshi ukirudi chumbani wakati wa kuwasha, angalia kwa mpangilio huu: kizibo, feni, dirisha, hewa baridi ndani ya dohani, ubichi wa kuni. Mara nyingi jibu liko hapo. Moshi ukitokea katikati ya moto jiko likiwa tayari linavuta vizuri, au ukitokea kwenye ungio la vigae, acha kuongeza kuni, acha kizibo wazi, liache lipoe, umwite fundi. Harufu ya masizi siku za mvua, jiko likiwa halijawashwa, mara nyingi ni hewa inayoshuka kupitia dohani, na kizibo kisichoziba vizuri.

Fundi wa majiko haya anaitwa kakelugnsmakare. Ni kazi tofauti na ya sotare, na si kila fundi matofali anaijua. Kigae kimoja kikiachia, usihofu bei. Akija mapema anarudisha kigae na kupaka udongo mpya ndani ya chumba cha moto. Akiitwa baada ya miaka mitano ya kuvumilia, analivunja lote na kulipanga upya.

Kununua na kulihamisha

Watu huuza kakelugn nzima zilizobomolewa, vigae vimepangwa kwenye masanduku. Vigae vya viwanda vya zamani kama Rörstrand vina wapenzi wake, lakini mwanzo wa kununua ni kuhesabu. Omba picha ya jiko likiwa limesimama. Hesabu safu, kisha hesabu vigae vya kila safu. Kigae cha katikati kilichopotea hupatikana. Cha taji la juu, cha kona au cha nyayo za chini, kinaweza kukutesa miaka. Hakikisha milango ipo na inaingia kwenye fremu yake. Geuza vigae utazame mgongoni: mara nyingi fundi wa kwanza aliandika namba kwa penseli au chaki, na ukizikuta zote umepata ramani. Matofali ya ndani ya zamani usiyahesabu, huwekwa mapya.

Ukibomoa mwenyewe, piga picha kila safu kabla ya kuigusa, andika namba nyuma ya kila kigae, shuka kutoka juu. Vaa barakoa, masizi ya miaka mia ni mengi.

Uzito nao ni mkubwa: jiko la kawaida lina tani moja au zaidi, limesimama juu ya eneo dogo kuliko meza ya chakula. Mtaalamu wa majengo apime sakafu kwanza. Kabla ya kulijenga, manispaa hutaka taarifa rasmi, na lisiwashwe mpaka sotare alikague na manispaa itoe cheti cha kukamilika, wanachokiita slutbesked. Bila hicho hata bima inaweza kukugomea nyumba ikiungua.

Siku fundi anapomaliza kusimamisha safu ya mwisho, ndani ya mnara kuna ndoo nyingi za maji yaliyomo kwenye udongo. Fundi atakupa ratiba ya kukausha, ifuate. Mwanzoni milango na kizibo vinaachwa wazi ili hewa ipite, siku kadhaa hata wiki, bila moto wowote. Kisha unakuja moto wa kwanza, vibanzi vinne na gome moja, si zaidi. Utaungua kwa dakika chache na vigae vitabaki baridi kabisa. Kesho yake vibanzi sita. Katika siku ya tano au ya sita, muda mrefu baada ya moto kuzimika, weka kiganja kwenye kigae cha pembeni, karibu na sakafu, pale moshi unaposhuka kabla ya kupanda tena. Kikiwa vuguvugu, njia zote tano zinafanya kazi.